Nani atajibu kwa ajili ya mwenziwe mtumbwini?

Ndugu msomaji, rafiki yako asiyepata kushika kafi akuomba mtoke Nyangwe kwa mtumbwi, mteremke Lualaba nusu siku tu. Wewe umekulia mtoni. Yeye ni mtu wa nchi kavu. Akisema, "Siogopi," je, neno lake latosha?

Tukumbuke jambo moja. Mwezi wa Novemba 1876 Stanley aliondoka Nyangwe kuufuata mto huu hata baharini. Pamoja naye walikuwamo Frank Pocock, mwana wa mvuvi wa Uingereza, na Uledi, nahodha hodari aliyetoka Unguja. Tarehe 3 Juni 1877, penye maporomoko ya Massassa, Uledi aliyatazama maji akasema hayapitiki. Pocock akawadharau kuwa waoga. Wakaona haya, wakaingia. Mtumbwi ukapinduka, Pocock akafa maji.

Kosa la nani? Pocock alijua bahari ya kwao, si maporomoko haya. Uledi alijua, lakini akashindwa na haya. Ni kweli, kumkatalia mkubwa ni kazi ngumu. Walakini asiyeiona hatari hawezi kuikubali. Ushujaa wake ni ujinga tu. Mzigo ni wa yule aonaye.

Basi, kabla ya kung'oa mtumbwi, mfundishe mwenzio kukaa chini na kutulia. Fuateni ukingo. Patana naye mapema kwamba ukisema "Turudi", mtarudi. Na maji yakiwa mabaya, mwambie, "Leo hatuendi." Acha akucheke. Afadhali rafiki mwenye kucheka kuliko rafiki wa kuliliwa.