Mwili wa Mtoto Aliyefariki: Kisu, Picha au Sindano?

Ndugu zangu katika imani, iwe ni barazani Buyenzi au kule bandarini, mtoto akifariki ghafla neno la mwisho huwa moja: ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Naam, ni kadari. Lakini je, kadari inatukataza kuuliza ni maradhi gani yaliyomuua, ilhali ana wadogo zake nyumbani?

Sisi tunaosoma sharia tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) alifananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai. Kwa hiyo wazazi wanaokataa mtoto wao apasuliwe si wajinga. Wanalinda heshima yake. Lakini mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu kupasua maiti kwa uchunguzi wa jinai, kutambua maradhi na mafunzo ya udaktari. Ruhusa hiyo ni ya haja, na haja hupimwa kwa kiasi chake. Ikipatikana njia isiyokata, naona ruhusa ya kukata inapungua.

Njia ipo. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha utafiti wa vijusi na watoto 400: picha za MRI pamoja na vipimo visivyohitaji kupasua vilikubaliana na upasuaji kamili kwa takriban asilimia 89. Kwa watoto wakubwa, matokeo yalikuwa dhaifu zaidi.

Tusishangilie mapema, hata hivyo. Picha huonyesha kasoro ya moyo au damu iliyovuja kichwani. Haionyeshi kimelea cha malaria wala bakteria, na hao ndio wanaotuulia watoto. Ndiyo maana Kisumu na Siaya, nchini Kenya, mradi wa CHAMPS hutumia sindano kuchukua vipande vidogo vya ini, mapafu na ubongo, kwa idhini ya wazazi. Sindano hutoboa, lakini haipasui.

Msimamo wangu ni huu: tuanze na njia yenye madhara madogo kabisa inayoweza kujibu swali, kisu kiwe cha mwisho. Mashine ikiwa moja, mgonjwa aliye hai atangulie. Maziko yasicheleweshwe. Na wazazi wapewe majibu, kwani kuchukua idhini yao bila kuwarudishia jibu ni dhulma.

Mashekhe na madaktari wetu wakae pamoja kabla msiba haujafika. Mama aliyefiwa hawezi kufundishwa fiqhi mlangoni pa chumba cha maiti.

Wallahu a'lam.