Kulinda Bila Kukosesha Pumzi

Masomo: Mathayo 23:37, Luka 13:34



Ile stoo ya bustani nyuma ya kanisa letu hapa Ukunda sasa ni banda la kuku. Akina mama ndio walioiomba, ili mayai yawasaidie watoto wa chekechea, na wazee wa kanisa wakakubali. Kabla ya kufika kwenye Neno naomba nieleze kazi ilivyofanyika, maana wiki hii sikuweza kuisoma Injili bila kuiona kazi ile.

Stoo hujengwa kwa nia ya kufungia. Kuta za mabati, mlango mmoja, kufuli, dirisha hakuna. Kwa jembe na panga inatosha. Kuku ni kiumbe mwingine: hatoki jasho. Joto likizidi huachama mdomo, akatweta, akainua mabawa yasigusane na mwili, na katika Februari yetu ya Pwani chumba cha mabati kilichofungwa mchana kutwa kinaweza kumaliza kundi zima kabla jua halijatua. Bibi jirani yetu, Mdigo na Mwislamu, aliyefuga kuku tangu usichana wake, alisimama mlangoni, akanusa, akatuambia kwamba humo joto litawaua kabla kicheche hajapata habari.

Basi mabati yakakatwa, upande wa kusi na upande wa kaskazi, upepo upite misimu yote miwili. Penye uwazi tukapigilia waya wa matundu madogo. Ule wa matundu makubwa humzuia kuku asitoke, ila haumzuii nguchiro asiingie. Waya tuliushusha hadi ndani ya udongo, kwa sababu mnyama mwenye njaa huchimba. Juu ya mabati tukaezeka makuti, tukayarefusha upande wa kusi ili mvua ya masika isipige ndani. Sakafuni tukamwaga maganda ya mpunga kutoka Vanga.

Lakini kazi iliyotuchosha kuliko zote ni kusafisha. Ndani ya stoo ile mlikuwa na mabaki ya dawa ya wadudu, sumu ya panya iliyomwagika kwenye kona, maganda ya rangi, misumari yenye kutu. Kuku hudonoa chochote kilicho sakafuni. Tungeziba kila tundu la nje tukaacha kona ile, tungekuwa tumewafungia ndege pamoja na kifo chao. Tukafagia, tukasugua, tukapaka chokaa hadi kwenye nyufa za mbao ambamo utitiri hujificha, kisha mlango ukaachwa wazi jua liingie.

Yesu aliuita Yerusalemu akasema mara ngapi alitaka kuwakusanya watoto wa mji huo kama kuku akusanyavyo vifaranga chini ya mbawa, nao hawakutaka. Angeweza kutaja ngome. Mji ule ulikuwa na kuta nene. Akamtaja kuku. Mtazameni kuku mwenye vifaranga pale kipanga anapopita, au wale kunguru wenye shingo ya kijivu waliojaa Msambweni na Diani. Hutoa mlio mmoja, na vifaranga waliotawanyika wakichakura hurudi mbio. Hurudi kwa kuwa wanaijua sauti. Mlio wa hatari na mlio wa chakula hutoka kwa mama huyohuyo, na chini ya mbawa zake wanapata joto na pumzi pia.

Sasa niseme lililo moyoni. Wazazi wa pwani hii tunaishi na hofu yenye sababu. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF zilitoa ripoti kuhusu watoto wanaotumiwa kingono katika Pwani yetu, na Kwale ilikuwamo. Mwaka huohuo tukapata Sheria ya Makosa ya Kingono. Tangu hapo na kabla ya hapo, hofu imetugawa. Kuna mzazi ambaye binti yake ni shule na nyumbani tu, haulizwi neno wala haambiwi neno. Kuna mwingine ambaye mtoto akirudi kutoka ufuoni na simu mpya haulizwi imetoka wapi, kwa sababu fedha ya unga inatoka hukohuko.

Huyu wa pili tunamlaumu haraka, na njaa yake hatuigusi. Yule wa kwanza tunamsifu, na hapo, wapendwa, tunakosea. Mtoto aliyefungiwa asiye na wa kuzungumza naye hawezi kusema kwamba aliyemgusa ni mjomba, ni jirani, ni mwalimu, ni mtumishi wa kanisa. Mara nyingi anayemuumiza mtoto ni mtu anayemjua. Sumu ya panya haikuja na kicheche. Ilikuwa ndani ya stoo siku zote, na kufuli ndilo lililoificha.

Kwa hiyo kanisa hili lianze kwake lenyewe. Asiwepo mtu mzima anayekaa na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, awe mwalimu wa Shule ya Jumapili, awe kiongozi wa kwaya, niwe mimi. Na familia ambayo unga umeisha ije kwa mashemasi kabla mtoto hajatumwa ufuoni. Mfuko wa wahitaji uko kwa ajili hiyo.

Nyumbani, jioni, muulize mtoto siku yake ilikuwaje, na akisema jambo linalokutisha, usimpige. Msikilize mpaka amalize. Ukiona au ukishuku kwamba mtoto anaumizwa, wako au wa jirani, piga 116, simu ya kusaidia watoto. Haina malipo. Hata kama unayemshuku ni mchungaji wako, piga.