Deni la Safari Iliyofutwa

Wahenga walisema kuwa msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Maana ya neno hili si kuwa msafiri hana mali. Aweza kuwa na mali nyingi kwao, walakini njiani hana jiko lake, hana kitanda chake, wala hana jirani wa kumbishia hodi usiku. Umaskini wake ni wa mahali, si wa mfuko. Kwa sababu hii watu wote waliopata kukaa kando ya njia kuu wamejiuliza swali moja: msafiri akikwama, ni nani mwenye wajibu wa kumlaza na kumlisha? Swali hilo ni la kale, lakini katika zama hizi limevaa nguo mpya. Limeingia katika viwanja vya ndege.

Dodoma ni mahali pafaapo kulitazama. Mji huu ulichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na sheria ya mwaka 2018 ikauthibitisha. Bunge liko huko, wizara ziko huko, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kiko huko. Kiasi cha kilomita 450 huutenga mji na Dar es Salaam. Wengi huzipita kwa basi. Tangu Julai 2024 wengi wengine huzipita kwa treni ya umeme. Na wachache, ama kwa haraka ama kwa ugonjwa, huzipita angani. Ndege inapofutwa, jambo moja huwapata abiria wote, lakini haliwaumizi wote sawasawa. Na ichukuliwe mfano safari moja ya jioni. Yumo afisa ambaye posho yake italipia kitanda. Yumo mfanyabiashara wa zabibu mwenye rafiki mjini. Yumo na mama aliyechangiwa nauli na ukoo mzima ili amfikishe mtoto wake kwa daktari wa Muhimbili asubuhi. Tangazo ni moja: safari haipo, rudini kesho. Kwa wa kwanza tangazo hilo ni usumbufu. Kwa wa pili ni hasara. Kwa wa tatu ni usiku mzima juu ya benchi na mtoto mwenye homa mapajani. Je, shirika lililopokea nauli za watu hawa watatu lina deni gani kwao mpaka kesho?

Jibu la kwanza huja upesi: mwenye kosa ndiye mwenye deni. Ikiwa ndege haikutengenezwa kwa wakati, shirika na lilipe. Ikiwa ni mvua au ukungu, hilo ni jambo la Mwenyezi Mungu, na kila mtu abebe mzigo wake. Jibu hili lina haki ndani yake, na sheria za dunia zimelipa nafasi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mmoja wa wanachama wake, unamtwika mchukuzi dhima ya hasara iletwayo na kuchelewa katika safari za kimataifa. Lakini unamwondolea dhima hiyo akithibitisha kuwa yeye na watumishi wake walifanya yote yaliyopasa kufanywa ili kuiepusha hasara, au kuwa haikuwezekana kuyafanya. Hapana mtu mwadilifu awezaye kuudharau msingi huo. Kumwadhibu mtu kwa mvua ambayo hakuinyesha ni dhuluma.

Walakini jibu hilo huchanganya vitu viwili visivyo kimoja. Kitu cha kwanza ni fidia, na cha pili ni matunzo. Fidia hufuata kosa: mtu amevunja, basi na alipe alichovunja. Matunzo hayafuati kosa, hufuata dhamana. Mchungaji hakuleta ukame, lakini hawezi kuliacha kundi porini kwa hoja kuwa ukame si kazi yake. Aliyekwisha kupokea dhamana hulindwa na bahati mbaya asiitwe mkosaji. Halindwi nayo asiitwe mdhamini.

Tofauti hiyo ilipimwa mahakamani huko Ulaya. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull katika nchi ya Iceland ilitapika majivu, na anga la nchi nyingi likafungwa kwa siku kadhaa. Abiria mmoja wa shirika la Ryanair, aliyekuwa arudi Dublin kutoka Faro katika Ureno tarehe 17 mwezi huo, alikwama muda wa wiki moja. Alipofika kwao alidai gharama za chakula, malazi na usafiri, karibu euro 1,130. Shirika lilijitetea kuwa msiba ule ulipita msiba wote wa kawaida. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 31 Januari 2013. Chini ya kanuni ya mwaka 2004, jambo lisilozuilika humwondolea mchukuzi fidia, lakini halimwondolei wajibu wa kumlisha na kumlaza abiria, hata siku zikiwa nyingi. Tena mahakama iliweka mpaka: abiria hurudishiwa zile gharama tu zilizokuwa za lazima, zilizofaa, na zilizo za kiasi. Sheria hiyo haitawali Dodoma, lakini akili iliyo ndani yake haina uraia.

Atatokea mtu aseme kuwa shirika likirudisha nauli deni limekwisha. Hoja hii yataka kujibiwa kwa makini. Nauli ya asubuhi na nauli ya usiku zina hesabu moja, lakini hazina thamani moja. Asubuhi fedha ile ingempatia mama kiti katika basi au katika treni, naye angefika kabla ya kulala. Hakukitafuta kiti hicho kwa sababu alikuwa na ahadi. Aliyeahidi, pasipo kukusudia ubaya, alimfungia njia nyingine zote, na siku ikapita akingoja. Fedha zaweza kurudishwa, siku hairudishwi. Ahadi ni deni, na deni la ahadi hii ni kumfikisha mtu au kumhifadhi mpaka afikishwe.

Nyanda za kati zina ukumbusho wao juu ya jambo hili. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, kati ya nyika mbili kavu, Marenga Mkali upande wa mashariki na Mgunda Mkali upande wa magharibi. Watemi wa Wagogo walitoza hongo. Wageni kama Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 waliinung'unikia sana, lakini hongo katika asili yake ilikuwa bei ya kupita, na kwa bei hiyo msafara ulitazamia njia na maji. Mtemi aliyepokea hongo kisha akavifunga visima angeonekana mnyang'anyi. Leo neno lile lile ni jina la rushwa. Malipo yasiyomfunga mpokeaji kwa wajibu wo wote hushuka hivyo katika heshima. Nauli nayo ni bei ya kupita. Dhamana ikiondolewa ndani yake, haitakuwa mbali na hongo ya leo.

Yako mashaka mengine mawili. La kwanza ni kuwa mashirika yatapandisha nauli ili yapate fedha za matunzo. Yamkini yatapandisha. Lakini katika kila tiketi nyongeza hiyo ni ndogo, ambapo usiku wa kukwama humwangukia mtu mmoja kwa uzito wake wote. Kuugawa mzigo kwa wengi ili usimvunje mmoja si jambo geni kwa watu waliomchangia mama yule nauli. La pili ni kuwa abiria wa basi akiharibikiwa gari usiku karibu na Manyoni hapewi kitanda. Kwa nini apewe wa ndege? Uchungu wa swali hili ni wa haki, lakini hitimisho lake limepinduka. Msafiri wa basi akinyimwa matunzo, dawa si kumnyima na wa ndege. Haki iliyoanza juu yapasa ishuke chini, isiondolewe juu ili wote walale njaa pamoja.

Anayedai naye ana sheria yake. Mithali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hufundisha kuwa hata ukarimu una kiasi. Deni nalo lina kiasi. Aliyekwama hana ruhusa ya kuagiza karamu kwa mfuko wa mwingine, wala ya kuandikisha risiti ya kitanda ambacho hakukilalia. Kila risiti ya uongo humnyima imani mkweli atakayekuja nyuma yake. Basi na achague chumba cha kadiri na chakula cha kadiri, atunze risiti, aombe sababu ya kufutwa safari kwa maandishi, apeleke madai yake kwanza kwa shirika; na asiposikilizwa, yako Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma zake.

Lakini aibu huwazuia wengi. Hudhani kuwa kudai ni kuomba, na kuwa mwungwana hunyamaza. Mwombaji hutaka asichostahili kwa hisani ya mwenye nacho. Mdai hutaka kilicho chake kwa heshima ya wote wawili. Afisa hudai kwa kuwa anajua njia, na mama hunyamaza kwa kuwa hakuambiwa kuwa ipo. Haki ijulikanayo na wasioihitaji sana, na kufichwa kwa waihitajio zaidi, ni haki nusu. Nusu ya pili iko mikononi mwa mtumishi aliyesimama dirishani wakati wa tangazo, kabla taa za uwanja hazijazimwa. Na aseme, pasipo kuulizwa: safari haipo leo, kitanda kipo, na chakula kipo.