Mtoto asiyeona ubao: Nani ataulizwa?



Ndugu msomaji, naanza makala hii kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ndio kwanza nimemaliza chuo kikuu na kuanza kusomesha madrasa ya jioni mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 9 ambaye nilimhesabu kuwa ni mvivu. Ukimsomea aya kwa sauti, anaishika upesi kuliko wenzake wote. Lakini nikiandika ubaoni, daftari lake linabaki tupu, au linajaa makosa aliyoyanakili kwa jirani yake pale mkekani. Nilimkanya mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu nilimchapa fimbo mbele ya wenzake. Alilia, hakusema neno.

Siku moja tukapishana njiani, hatua chache tu baina yetu, akanipita bila salamu. Nikamwita kwa ukali, nikidhani kuwa sasa uvivu umezaa utovu wa adabu. Akageuka ameshituka. “Shikamoo Ustadhi. Sikujua kama ni wewe, nimekujua kwa sauti.”

Hapo ndipo nilipozinduka. Nikaenda kwa mama yake, tukampeleka kupimwa. Mtaalamu wa macho akatueleza kuwa mtoto haoni mbali, na dawa yake ni miwani. Siku ya kwanza kuja nayo madrasa, alinitazama kwa muda, kisha akasema: “Ustadhi, kumbe una mvi kwenye ndevu!” Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: Je, aliyedhulumu bila kujua ana lawama? Wengi watasema hana, kwa sababu Allah (sw) hamhukumu mja kwa alilokosea bila kukusudia. Ni kweli. Lakini wanazuoni wetu wanatofautisha dhambi na haki ya mja. Ukivunja chungu cha jirani kwa bahati mbaya, dhambi huna, lakini chungu utalipa. Na zaidi ya hapo, upo ujinga ambao mtu hakuwa na njia ya kuuondoa, na upo ujinga ambao ungeondoka kwa swali moja tu. Mimi sikuwahi kumuuliza yule mtoto: “Unaona nilichoandika?” Ujinga wa namna hii si udhuru.

Tukirejea Surat Abasa tunakumbushwa kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum (ra), kipofu aliyemjia Mtume (saw) akitaka kufundishwa, wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kiquraish. Mtume alikunja uso, na aya zikashuka kumzindua. Kipofu yule hata hakuuona uso uliokunjwa. Ikiwa kiumbe bora alizinduliwa kwa kukunja uso mbele ya mtu asiyeona aliyekuja kutafuta elimu, basi mimi niliyeshika fimbo nitasema nini?

Nilipolisimulia jambo hili msikitini, mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia: “Mwanangu, macho ni kadari. Aliyeandikiwa asione haoni.” Mzee huyo mwenyewe alikuwa na mtoto wa jicho na alikuwa ameacha kusoma msahafu. Akanikumbusha hadithi iliyopokewa na Anas (ra) katika Bukhari, kwamba anayepewa mtihani wa kupoteza macho yake mawili akasubiri, malipo yake ni Pepo.

Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini ni bishara kwa aliyepatwa na mtihani. Si ruhusa kwa walio karibu naye kukaa mikono kifuani. Mabedui walipomuuliza Mtume (saw) kama watafute dawa, aliwaambia watafute, kwa kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Mzee wangu aliposikia neno uzee akatabasamu, akidhani kashinda hoja. Nikamwambia: “Mzee wangu, uzee hauna dawa, lakini mtoto wa jicho si uzee, ni maradhi yanayowapata sana wazee. Ukungu ulioingia kwenye lenzi ya jicho huondolewa kwa upasuaji, ikawekwa lenzi nyingine.” Alinyamaza. Alhamdulillah, baadaye alikubali kwenda, na leo anasoma.

Hatuzungumzii jambo dogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Katika hiyo bilioni moja, ni wangapi waliambiwa wavivu, na wangapi waliambiwa wasubiri tu?

Wapo wazazi wanaosema miwani kwa mtoto ni maringo, au itamharibu macho. Miwani sahihi haiharibu macho. Na sisi ndio umma uliomtoa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeeleza miaka 1,000 iliyopita kuwa tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Haitupendezi kuiogopa elimu ya macho.

Basi mzazi, mtazame mwanao. Je, anasogeza kitabu puani? Anakodoa macho, anapinda shingo, au jicho moja linakwenda upande? Mpeleke mapema, kwani jicho lililozembewa utotoni huenda lisirekebishike ukubwani. Mwache acheze nje mchana badala ya kuinamia simu kutwa. Mpe mchicha, papai na maini, na aliye chini ya miaka 5 asikose matone yake ya vitamini A. Nawe mtu mzima, hasa mwenye kisukari au mwenye ndugu aliyepata presha ya macho, nenda ukapimwe kabla hujaona tatizo. Nuru iliyopotea kwa presha ya macho hairudi.

Na wewe Ustadhi mwenzangu, kabla ya fimbo, uliza.

Qur'an imetufahamisha katika Surat Israa aya ya 36 kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Tumezoea kuifahamu aya hiyo kwa kile tulichokitazama. Naogopa tutaulizwa pia juu ya kile kilichokuwa mbele yetu tukashindwa kukiona. Kati yangu na yule mtoto, asiyeona nilikuwa mimi.

Nilimwomba radhi mbele ya wenzake wale wale. Alisema, “Nimekusamehe Ustadhi,” kisha akafungua daftari lake, akaanza kunakili kilichokuwa ubaoni.

Wabillahi tawfiq.