Je, Kiraka cha Rangi ni Uongo?

Fundi akifananisha kiraka cha rangi na rangi iliyochakaa, je, anadanganya? Nyumbani kwetu Karusandara tuna garimoshi dogo la mbao alilochonga babu kukumbuka treni zilizofika Kasese tangu 1956 na kubeba shaba ya Kilembe kwenda Jinja. Alilipaka rangi ya damu ya mzee, kama injini za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Sasa limebanduka ubavuni, nami nimepewa rangi za akriliki nilitengeneze.

Nikipaka rangi ileile ya mwanzo, kiraka kitajitokeza, kwa kuwa jua limeshaififisha iliyobaki. Basi nachanganya nyekundu, kahawia na tone la kijani la kuipoza. Akriliki hukolea ikikauka, hivyo najaribu kwanza kwenye kipande cha ubao, nangoja, kisha nakitazama nje mchana. Hapo ndipo penye utata: naipa rangi ya leo umri isio nao.

Wengine watasema heri kupaka lote upya. Mimi naona hilo ni baya zaidi, maana linafunika kazi ya mkono wa babu. Kule Italia, Cesare Brandi alifundisha kujaza pengo la mchoro kwa mistari myembamba. Kwa mbali haionekani, ukikaribia unaiona. Ni njia ya haki, ingawa kwa ubavu wa upana wa vidole vitatu ni anasa.

Uongo, nionavyo, hauanzii kwenye brashi, bali kwa muuzaji anayenyamaza. Na mjomba anataka kuliuza. Nimeandika mwaka wa matengenezo chini ya tumbo lake, nikamwomba amwonyeshe mnunuzi.