Jezi Isiyohitaji Kufuliwa

Jumatatu moja ya Pasaka, miaka kadhaa iliyopita, timu ya watoto wa shule ya Jumapili ya mtaa wetu, pembezoni mwa jiji la Dodoma, ilishinda bonanza la makanisa jirani kwa bao moja. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa mpira. Kombe lilipokwisha kuinuliwa na soda kugawanywa, nilikusanya jezi zikafuliwe. Zote zilikuwa zimelowa jasho na kushika vumbi, isipokuwa moja. Mtoto wa miaka 13 alinikabidhi yake ikiwa imekunjwa vile vile nilivyompa asubuhi. "Mwalimu, hii haina haja ya kufuliwa," akasema kwa adabu. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Wala ile ya baada yake.

Nilikuwa na sababu ya kumwacha benchi, na wakati ule niliiona ya haki kabisa. Kanuni yetu ilisema asiyefika mazoezini hachezi, naye alikuwa amekosa wiki tatu. Kanuni moja kwa wote, bila upendeleo. Nani angelalamika?

Lakini nilipomfuata nyumbani, mama yake alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akanieleza jambo ambalo mimi mzaliwa wa Ugogo sikupaswa kuelezwa. Kijana alikuwa shambani akiamia ndege. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na uwele na mtama vinapoanza kukomaa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi. Shamba likiachwa siku chache, chakula cha mwaka kimekwenda. Basi mtoto husimama pale tangu alfajiri akipiga kelele na kurusha mawe. Wenzake ambao wazazi wao wana kazi za ofisini mjini hawakuwa na shamba la kulinda. Niliyekuwa nikidhani napima bidii, kumbe nilikuwa napima nani ana nafasi ya kuja uwanjani saa kumi jioni.

Sisi walimu wa timu za kanisa tunapenda sana mfano wa talanta katika Mathayo 25. Mwenye nyingi akaongezewa. Basi, tunasema, mwenye kipaji acheze zaidi. Nimeusoma tena mfano ule mara nyingi tangu siku hiyo. Ni kweli watumishi hawakupewa sawa: mmoja tano, mwingine mbili, mwingine moja. Ila hakuna aliyepewa sifuri. Yule wa talanta moja alihukumiwa kwa sababu alikuwa na kitu mkononi akakifukia. Mtoto ambaye hakupewa hata dakika moja nitamdai nini? Siwezi kumwambia hajakua kimchezo wakati mimi ndiye niliyemnyima mahali pa kukulia.

Na wale vibarua wa saa kumi na moja, katika sura ya 20? Walipoulizwa mbona wamesimama kutwa bila kazi, jibu lao lilikuwa fupi: hakuna aliyewaajiri. Sina hakika kama mfano ule ulikusudiwa kwa mambo ya benchi, na msomaji anisamehe nikiuvuta mbali. Lakini nikimtazama mtoto wa akiba akikimbia kando ya mstari kupasha misuli, dakika baada ya dakika, jibu hilo hunijia.

Huko Uingereza, chama cha raga kina kanuni kwamba mtoto aliyeorodheshwa kwa mechi acheze angalau nusu ya muda. Niliposikia habari hiyo nilichukua kalamu. Mechi zetu ni dakika 60, na tunakwenda na watoto 16. Tukimwacha kipa, nafasi 10 mara dakika 60 ni dakika 600 za kugawa kwa watoto 15. Kila mmoja akipata 30, zimetumika 450. Zinabaki 150, zinazotosha kuwaacha watoto watano wacheze mechi nzima: wenye uwezo, au wale wasiokosa mazoezi. Kwa hiyo bidii bado ina thawabu yake. Kilichoondoka ni ile sifuri.

Sisemi iwe hivyo kila mahali. Mashindano ya UMITASHUMTA ni ya kuchuja: shule, wilaya, mkoa, hadi taifa, na anayekwenda huko anajua anakwenda kushindanishwa. Timu ya shule ya Jumapili hatukuianzisha kwa ajili hiyo. Tuliwaita watoto kwa jina la Kanisa, tukawavisha jezi mbele ya wazazi wao.

Gharama ipo. Pasaka iliyofuata tulifungwa mawili kwa moja, na bao la pili lilipita upande wa yule yule mtoto wangu wa uwele, aliyekuwa amerudi wakati wa kiangazi. Baba mmoja, mzee wa kanisa mwenzangu, alinifuata mwamuzi alipomaliza tu. "Mwalimu, kijana wangu hajakosa mazoezi hata siku moja. Umemtoa kipindi cha pili ili tufungwe. Hiyo ndiyo haki?" Kijana wake alikuwa amesimama nyuma yake, analia.

Nilimwambia habari za zile dakika 600. Akasema hesabu anazijua, yeye anauliza kuhusu mwanawe. Sikuwa na jibu la kumfuta yule mtoto machozi, na mpaka leo mimi na mzee huyo hatujakubaliana. Tunasalimiana vizuri, tunakaa baraza moja. Kijana wake anaendelea kuja mazoezini, na bado hakosi.