Chai Niliyoikataa

Mnakumbuka Novemba 2017, baada ya ule uchaguzi, muungano wa NASA ulitwambia tususie Safaricom, Bidco na Brookside, eti zinaibeba serikali. Familia ya Kenyatta, aliyekuwa Rais wakati huo, ilikuwa na hisa Brookside. Mimi niliyesomea biashara nikasema sawa, shilingi yangu nayo ni kura.

Siku moja hapa Kainuk mama mjane akanikaribisha chai. Nikaona pakiti ya maziwa, nikakataa. Kumbe alikuwa ameyakopa dukani kwa ajili yangu. Na jioni hiyo hiyo nikatuma pesa kwa M-Pesa! Kampuni haikujua kama nimesusia. Yule mama alijua.

Paulo aliwafundisha Wakorintho juu ya nyama ya sokoni (1 Kor. 10): uko huru, lakini angalia dhamiri ya mwenzako. Kususia si dhambi. Ila gharama yake ilipe wewe, usimlipishe jirani.

Machi 2018 Raila na Uhuru wakasalimiana. Mimi nilikuwa bado sijaenda kumwomba mama yule msamaha. Je, wewe unadaiwa na nani?